Konrad Abisha Hodi

Wiki ya kwanza Honorata alidhani ni tawi. Kila alasiri saa kumi, mlango wa nyuma wa nyumba aliyofanyia kazi mjini Columbia, Amerika, uligongwa mara tatu, polepole, kama na mtu aliyechoka. Alichungulia dirishani: hapakuwa na mtu, wala mti.

Mzee Ewald, Mjerumani wa miaka tisini na minane aliyekuwa akimhudumia, alimwomba asifungue.

Mwezi Mei, akimnywesha supu, mzee akaanza kusimulia mwenyewe. Alichukuliwa jeshini majira ya baridi ya mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, kijana wa miaka kumi na minane. Mkono wa Honorata ulisita na kijiko. Kwao Songea, askari wa Kijerumani ni habari ya vitanzi walivyonyongewa mababu. Lakini mzee hakujisifu. Alisimulia chumba cha chini ya ardhi walimojificha, mizinga ikinguruma, na rafiki yake Konrad akigonga kutoka nje. Ewald ndiye aliyeshika komeo. Aliogopa, hakufungua. Asubuhi walimkuta Konrad amekufa, ameganda kizingitini.

Baadaye alihamia Amerika, akatengeneza piano miaka arobaini, akazaa, akazika mke. Hakumwambia mtu.

"Alianza lini kugonga?" Honorata aliuliza.

"Mke wangu alipokufa. Kabla ya hapo nyumba ilikuwa na kelele."

Siku tatu baadaye hodi ilikuja mapema, saa sita mchana, mzee akiwa hoi kitandani.

"Mfungulie, binti yangu," alisema. "Mimi miguu imekataa."

Honorata alitamani kukimbilia garini. Alifanya ishara ya msalaba, akavuta komeo. Nje jua lilikuwa kali na hapakuwa na mtu. Ila baridi ilimpita begani ikaingia ndani, ikinuka theluji na koti la sufu lililolowa. Kutoka chumbani akamsikia mzee akisema Kijerumani, kwa sauti ya kijana. Kisha vicheko, vya watu wawili.

Alipofika, mzee alikuwa amekata roho. Mwili ulikuwa bado na joto, lakini kiganja cha kulia kilikuwa baridi kama barafu.

Jioni binti wa mzee, Anna, alikuja kutoka Laurel, mji wa jirani, akauliza kama baba alikufa peke yake.

"Hapana," Honorata alisema. "Alikuwa na rafiki yake."

Anna alidhani Honorata anajisema mwenyewe, akamkumbatia akilia. Honorata akamwacha aamini hivyo.