Bei ya Uaminifu

Jumapili moja ya Septemba, saa kumi alasiri, Hedda Wehrheim aliweka keki ya plamu mezani, akamimina kahawa kwenye vikombe viwili, akachukua kamera ya marehemu mumewe apige picha ya meza kabla keki haijakatwa. Huo ulikuwa utaratibu wa nyumba. Eckart alipokuwa hai hakuna aliyegusa kisu mpaka apige picha, na alipokufa mwezi wa pili hakuna aliyesema utaratibu ufutwe.

Hedda alichungulia, akazungusha pete ya lenzi mpaka birika la dirishani, lililokuwa likionekana mawili, likawa moja, akabonyeza.

"Mama, kifuniko," akasema Wiebke, binti yake.

Kifuniko cha lenzi kilikuwa bado kipo. Kamera za aina ile zina dirisha la kuchungulia pembeni, nalo halipiti kwenye lenzi. Mtu anaona kila kitu safi kabisa, anapanga, anabonyeza, na muda wote lenzi imefumba jicho. Wenye kamera hizo wote wamewahi kufanya kosa hilo, ingawa ni wachache wanaokiri, kwa kuwa zina bei ya gari. Eckart mwenyewe aliwahi kurudi kutoka Bahari ya Baltiki na wiki nzima ya giza.

Hedda alitazama skrini ya nyuma ya kamera ili aifute picha. Haikuwa nyeusi. Meza ilionekana, keki ilionekana, na kwenye kiti cha dirishani alikuwa ameketi Eckart na sweta yake ya kijivu, akisubiri.

Wiebke naye akatazama. "Amekonda," akasema.

"Alikondea hospitalini. Lete kikombe cha tatu."

Tangu siku hiyo Hedda alipiga kila Jumapili mara mbili. Bila kifuniko ilitoka meza na keki. Kwa kifuniko alitoka Eckart. Kuna siku alikuwa akijikatia kipande, kuna siku akisoma gazeti lililokwisha tupwa. Mara moja alisimama nyuma ya Wiebke akizitazama nywele zake, ambazo binti alikuwa amezikata fupi wiki ile, kwa uso wa mtu ambaye hakuulizwa.

"Hata huko hajaacha," Wiebke akasema.

Jirani aliposikia habari alikuja na simu yake, akafunika lenzi kwa kidole, akapata picha ya kidole. Akaenda zake akilalamika kwamba vitu vya bei rahisi havisaidii mtu.

Mwezi wa kumi na moja yakaanza madoa. Yalikuwa madogo, meupe, kama ukungu wa ukuta wa bafu. Kamera za toleo lile zilitoka kiwandani na kasoro: kioo chembamba kinachofunika kipokea mwanga, ndani kabisa, huliwa polepole na unyevu. Kiwanda kiliikubali kasoro hiyo, kikabadilisha vioo bure kwa miaka kadhaa, kisha kikaacha. Eckart alikuwa na nia ya kuipeleka yake. Alikuwa pia na nia ya kutengeneza mlango wa gereji.

Doa la kwanza liliangukia pazia. La pili liliangukia mkono wa kulia wa Eckart. Jumapili iliyofuata alikuwa ameshika uma kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia uliishia kwenye kifundo, na alikuwa ameulaza kando ya sahani, bila damu, bila kidonda. Kufikia Krismasi hakuwa na sikio, na kupitia begani kwake ungeweza kusoma kalenda ya ukutani.

"Tunampoteza kipande kipande," Hedda akasema.

"Mama, tulishampoteza."

"Mara ya kwanza ilikuwa moyo, na moyo hauna pa kurudishwa. Hii ni kasoro ya kiwanda. Jumatano naenda."

Kiwanda kilikuwa juu ya kilima ng'ambo ya mto, na watu wa mji walikuwa wakikionea fahari hata wale ambao hawajawahi kushika kamera yake. Ukumbi wa wateja ulikuwa na zulia zito, kahawa ya bure na makabati ya kioo yenye kamera za kila zama, kila moja na taa yake. Mtu aliingia, akachukua karatasi ya namba, akakaa. Asubuhi ile walikuwepo watu wanne, kila mmoja ameacha kiti kitupu kati yake na mwenzake.

Nyuma ya kaunta alikuwepo Bwana Lotz, mwenye tai nyembamba na glavu nyeupe. Aliipokea kamera kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

"Kioo kimeliwa," Hedda akasema. "Nataka kingine."

"Pole sana, Bi Wehrheim. Vioo vya toleo hili vimekwisha. Ila kwa wenye kamera zetu kuna bei ya uaminifu. Unatuachia hii, unachukua toleo jipya, na sisi tunakupunguzia."

Alimwonyesha bei. Hedda aliisoma, akavaa miwani, akaisoma tena. Ilizidi ile aliyolipa Eckart wakati kamera ikiwa mpya.

"Hapa ndipo mmekwisha punguza?"

"Hapo tumepunguza."

"Kwa hiyo kasoro ni yenu, uaminifu ni wangu."

"Wengi husema hivyo," Bwana Lotz akasema kwa upole. "Bei hii ni ya mwezi huu tu. Baada ya hapo inapanda."

"Sikia, baba. Mume wangu yumo humu. Ukiacha kifuniko anaonekana. Sasa ameliwa mkono na sikio."

"Ndiyo, toleo hili huwa linawapata marehemu." Alisema kama mtu anayezungumzia betri. "Jipya halina tatizo hilo. Ukisahau kifuniko linakuonya, na halipigi. Wateja wenyewe waliomba."

"Na hii mtaifanya nini?"

"Inasagwa. Tukiirudisha sokoni itaharibu bei."

"Basi siitoi. Nirudishie."

Bwana Lotz hakuirudisha. Alitazama kompyuta yake. "Imeandikishwa kwa jina la Bwana Eckart Wehrheim. Uamuzi ni wa mwenyewe aliyeandikishwa. Hebu piga moja hapa tuone kama amekuja."

Hedda akabana kifuniko vizuri, akarudi nyuma kidogo, akaupiga picha ukumbi.

Macho yalikuwa yameona watu wanne. Picha ilionyesha ukumbi uliojaa hadi mlangoni. Walikuwa wazee wengi wenye makoti mazuri, na wanawake wachache, kila mmoja na mkanda wa kamera shingoni na karatasi ya namba mkononi, wale waliobakiwa na mkono. Kila mmoja alikuwa ameliwa mahali pake. Mmoja hakuwa na uso kuanzia puani kwenda juu, lakini alikuwa amekielekeza kidevu kwenye kabati la toleo jipya, na wengine wote walitazama hukohuko. Vile viti vitupu vilikuwa vimekaliwa. Hakuna aliyemtazama Hedda.

"Jumatano huwa wengi zaidi," Bwana Lotz akasema.

Eckart alikuwa mbele kabisa, kwenye kaunta, mahali ambapo Hedda alikuwa amesimama muda mfupi kabla. Kwa mkono wake wa kushoto alikuwa ameinua toleo jipya hadi jichoni. Hedda aliufahamu uso ule. Ndio aliokuwa nao kila kiwanda kilipotoa kitu kipya, huku akiapa kwamba anaangalia tu. Mbele yake palikuwa na karatasi ya makubaliano, imekwisha tiwa saini.

Hedda akatazama kaunta yenyewe. Karatasi ilikuwa pale, na saini ilikuwa pale, imelala upande kama ya mtu asiyezoea mkono wa kushoto. Wino ulikuwa haujakauka.

"Mwenyewe amekubali," Bwana Lotz akasema. "Malipo huwa ya familia."

"Na nisipolipa?"

"Ya zamani ameshaitoa. Mpya haitatoka."

Hedda akageukia nafasi tupu iliyokuwa ubavuni kwake. "Eckart, mpumbavu wewe," akasema, bila kupandisha sauti. "Nimekuja kukutetea."

Alilipa kwa fedha alizokuwa ameweka akiba za kubadilisha madirisha ya nyumba. Aliomba kadi ya kamera ya zamani, yenye picha za Jumapili, akapewa bila ubishi. Alipoifungua nyumbani, picha zote za kifuniko zilikuwa nyeusi, jinsi picha za kifuniko zinavyotakiwa kuwa. Jumapili aliweka keki mezani, akabana kifuniko kwenye kamera mpya, akabonyeza. Maandishi yakatokea kumwambia aondoe kifuniko. Akabonyeza tena. Maandishi yakatokea tena, safari hii kwa herufi kubwa.

Wiebke akarudisha kikombe cha tatu kabatini.

Mwezi wa tano Bwana Lotz alipiga simu. Kiwanda kilikuwa kinatoa toleo jingine, na Bwana Wehrheim alikuwa ameshajiandikisha.

"Amejiandikisha lini?"

"Hajaondoka hapa tangu siku ile, Bi Wehrheim. Na kwa wanaochukua bei ya uaminifu sasa tunapiga picha ya ukumbi, kwa kamera ya kaunta. Unaweza kuitazama kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Haichapishwi wala haitolewi nje."

Hedda alimweleza Wiebke wakati wanaosha vyombo.

"Mama, unataka ulipe gari zima ukamwone baba akishangaa kamera?"

"Baba yako alishangaa kamera maisha yake yote. Tofauti ni kwamba nyumbani nilikuwa namwona bure."

"Usiende basi. Wakikukosa wewe na wengine kama wewe wataacha."

"Watakaa naye. Mimi ndiye nitakayemkosa."

Akaenda. Alilipa kwanza, kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa, kisha Bwana Lotz akatoa chini ya kaunta kamera ya toleo la zamani, ileile ya Eckart, ambayo kumbe haikusagwa, akabana kifuniko, akaupiga picha ukumbi, akaiweka mbele ya Hedda pamoja na kahawa.

Picha haikuwa na doa hata moja. Ukumbi ulikuwa umejaa kama mara ya kwanza, lakini safari hii watu walikuwa wazima. Yule wa kidevu alikuwa na paji la uso na nyusi nene. Eckart alikuwa karibu na kabati, ameipa kamera mgongo, mikono yote miwili imeshikana nyuma, na masikio yote mawili, na bega lake lilimziba mtu aliyekuwa mbele yake. Hedda aliutazama mkono wa kulia mpaka kahawa ikapoa, kisha akainua kichwa.

"Kumbe vioo vipo."

"Hicho ni cha kampuni," Bwana Lotz akasema.

"Kinauzwa bei gani?"

"Hakiuzwi, Bi Wehrheim."

Mwanamke aliyekuwa akisubiri nyuma yake alikohoa, kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika naye alikuwa na mtu wake wa kumtazama. Hedda akamaliza kahawa baridi mpaka kwenye machicha, ili asiwape dakika yoyote ya bure, akairudisha kamera.

Sasa huenda kila kiwanda kinapotoa toleo jipya. Bei hupanda kila mara, na kila mara huitwa punguzo. Safari ya mwisho alifika mapema akakaa upande wa kabati, na bwana mmoja mgeni, mwenye kamera mkononi ambayo madoa yake yameanza tu, akataka kuketi karibu naye.

"Hapo pana mtu," Hedda akamwambia.

Bwana yule akakitazama kiti, akakiomba radhi, akaenda kusimama ukutani na karatasi yake ya namba.