Jumamosi Tunazika Mtini

Watu wanasema nilifanya makusudi. Mpaka leo, pale parokiani, nikipita na sahani yangu lazima mmoja aulize, "Mama Mizero, mwaka huu unamzika nani?" na meza nzima inacheka. Basi narudia kwa mara ya mwisho: mimi sikumzika mume wangu. Nilisema mtini. Masikio yao ndiyo yaliyosikia Martini.

Martini ndiye mume wangu, ana miaka hamsini na tisa. Tunakaa Buffalo, Marekani, nyuma ya Bailey Avenue, kwenye nyumba yenye nyasi mbele na bustani nyuma. Nyasi hizo ndizo zilizotutenga na kaka yake. Gaspari na Martini walitoka kambi ya wakimbizi Tanzania kwa ndege moja, wakafikia Louisville nyumba moja, wakahamia Columbus, kule Whitehall, ghorofa moja. Halafu Martini akasikia kwamba Buffalo mtu wa kiwandani anaweza kupata nyumba yenye ardhi. Siku tunapakia gari, Gaspari alisimama pale maegesho amekunja mikono. "Mnaniacha kwa ajili ya majani? Nendeni! Mimi kwenye hiyo theluji sikanyagi mpaka siku ya kukuzika." Martini naye, kichwa kigumu kama cha kaka yake, akajibu, "Basi usije." Miaka sita ikapita. Hakuna simu, hakuna salamu ya Krismasi.

Kitu kimoja tu cha Gaspari kilikuja nasi. Nyuma ya ile nyumba ya Louisville kulikuwa na mtini, mtini wenyewe, ule wa kwenye Biblia, na Gaspari alipoambiwa jina lake alivua kofia. Tulipohamia Columbus alikata vijiti viwili, kimoja chake, kimoja cha mdogo wake, kila mmoja akaotesha ndooni. Vyote vikashika. Wetu tuliulea Buffalo kwenye ndoo, miezi ya baridi ukikaa chumba cha chini pamoja na maboksi yetu, mpaka ukanizidi kimo na mlangoni haupiti tena. Mwezi wa tano mwaka jana Martini akauhamishia bustanini. Ukazaa tini kumi na moja. Alikula nne, zilizobaki akawa anaziangalia tu. Nilijua anamuwaza nani, na roho iliniuma.

Mwezi wa kumi majani ya miti ya mtaani yakaanza kutumwagikia. Sisi tulivyolelewa, uwanja ni wa kufagiwa, na jani moja mlangoni ni aibu ya mama mwenye nyumba. Kwa hiyo kila asubuhi Martini na reki, mimi na ufagio, mpaka chini ya mchicha tukafagia pakabaki udongo mtupu. Jirani yetu, mzee Karmelo, miaka themanini na nne, alituangalia wiki nzima kabla hajaja uzioni. Nyasi tuzikate mara ya mwisho, fupi, alisema, na majani tuyaondoe juu yake. Lakini bustanini tuyarudishe, hilo ndilo blanketi la udongo. Na bomba la nje tulifunge, mpira tuukamue maji, la sivyo vitapasuka kwa barafu. Halafu akauona mtini. "Huu msipouzika," alisema, "utakufa."

Nilidhani Kiingereza kimenipita. Msipouzika! Akaonyesha kwa mikono: unachimba shimo refu kama la mtu, unakata mizizi ya upande mmoja, unaulaza mti mzima mzima, unaufukia baridi isiufikie. Mwezi wa nne unaufukua. Baba yake, aliyetoka Italia, alizika mtini wake kila mwaka mpaka akazikwa yeye.

"Agata, nizike kitu kilicho hai?" Martini aliniuliza tulipobaki wawili. "Na kisipoamka? Nitamwambia nini Gaspari?"

"Kwani sasa hivi unamwambia nini?" nilimjibu kwa ukali. Nilijuta papo hapo. Alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, kwenye baridi, anauangalia mti, na aliporudi ndani akasema tutauzika.

Ijumaa alasiri, nikikimbilia shifti yangu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikarekodi sauti kwenye kundi la ukoo. Mtu ng'ambo ya barabara alikuwa anapuliza majani kwa ile mashine yao, kelele tupu. Nikasema, "Jamani, kesho Jumamosi saa nne asubuhi tunazika mtini. Mwenye nafasi aje, kazi ni nzito." Basi, nikaenda. Simu nikaitia kwenye kabati la kazini, ikaisha chaji. Martini naye alirudi kutoka kiwandani, akazima yake, akalala kama kawaida yake.

Asubuhi nakata kona ya kwetu, naona magari. Namba za Ohio, za huko Columbus. Namba za Kentucky, za Louisville. Wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, masufuria ya wali na maharage yamepangwa juu ya nyasi zetu. Dada yangu Fides, aliyeendesha kutoka Louisville njia nzima, aliponiona akapiga yowe. "Pole, mdogo wangu! Pole!" Yesu Maria, nikasema moyoni, Martini amekufa nikiwa kazini, na wameambiwa wote isipokuwa mimi. Nilianguka pale pale nikalia kuliko wao.

Ndipo mlango ukafunguka. Martini, na fulana yake ya kulalia, mswaki mdomoni. Akatuangalia wote. "Nani amekufa?" akauliza.

Chini ya ngazi alikuwa amesimama Gaspari, suti nyeusi, mvi kichwa kizima. Alipanda taratibu, akamshika mdogo wake uso kwa mikono miwili, akaupapasa, paji, mashavu, kidevu. Kisha akamzaba kofi la bega. "Unanichezea? Njia nzima nakulilia, nusura nitoke barabarani!" Akamkumbatia, mswaki ukaanguka, na wazee wale wawili wakalia kwa sauti mbele yetu sote.

Fides akaicheza tena ile sauti yangu, mara tatu. "Mti-ni!" nikapiga kelele. "Mti! Ni! Mna nini masikioni?" Kicheko kikatoka, cha watu waliochoka kulia.

"Bado nimekuja kuzika," Gaspari alisema, akijifuta macho. "Huo mtini uko wapi?" Alipofika nyuma akasimama. "Wa Louisville?"

"Wa Louisville, kaka. Wako je?"

"Uliganda barazani mwaka ule mlipohama. Sikumwambia mtu." Akavua koti la suti, akaomba jembe.

Mzee Karmelo alituongoza kwa kidole, ameketi kwenye kiti. Mizizi ilipokatika nilishika kifua. Lakini mti ule, jamani, ndugu wawili walipouegemea, ulishuka. Haukuvunjika, haukupiga kelele, ulilala kwenye shimo lake polepole na matawi tumeyafunga kwa kitenge cha Fides. Tukaweka majani, mbao, udongo, na juu kabisa turubai. Kwa kuona turubai mimi nikacheka na machozi. Sisi wenyewe tulilala chini ya turubai miaka kumi na minne kambini, na hatukufa.

Gaspari aliitupa konzi ya mwisho ya udongo juu ya turubai. "Nilisema sikanyagi hapa mpaka siku ya kuzika," alimwambia Martini. "Nimeshazika. Maneno yale yamekwisha. Siku ya kuufukua usiguse jembe bila mimi."

Theluji ya msimu ule ilifika madirishani. Kila asubuhi niliangalia mahali pale, peupe, hapana hata dalili, na niliogopa. Kitu hai kimelala chini ya baridi yote ile! Gaspari alipiga simu kila Jumapili, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile. "Amelalaje?"

Mwezi wa nne alikuja na jembe lake kutoka Columbus. Walifukua kwa jembe kisha kwa mikono, mbao kwa mbao, wakausimamisha. Ulikuwa mkavu, wa kijivu, na Martini akageuza uso. Gaspari akapiga magoti, akakwangua gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani kibichi, na utomvu ukalowesha kidole chake. Nikapiga ishara ya msalaba.

"Yuko hai," Gaspari alisema.

Uko hai, ndivyo alivyopaswa kusema, kwa mti. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa umeshika bega la mdogo wake, na hakuna aliyemsahihisha.