Pini ya Aislandi

Kila mgeni aliyekuja kukagua Chuo cha Bethsaida, mjini Hadley Creek, Nebraska, alipitishwa kwanza mbele ya ramani. Maktaba ingesubiri, na maabara, ambayo bomba lake lilikuwa limepasuka tangu Novemba, haikutajwa kabisa. Ramani yenyewe ilitundikwa kwenye korido ya ukumbi wa michezo, pana kama mlango wa gereji, na juu yake maandishi ya dhahabu: WAVUNAJI WALIKO SASA. Wavunaji ndilo jina la timu ya mpira wa kikapu ya wanaume. Kulikuwa na pini kumi na moja zenye vichwa vyekundu, na kando ya kila pini picha ya kijana aliyemaliza chuo akaenda kucheza ng'ambo kwa mshahara. Kila kijana alikuwa ameichoma pini yake kwa mkono wake mwenyewe, wakati wa mapumziko ya mchezo, bendi ikipiga na akina mama wakifuta machozi. Kocha mkuu, Brent Haverkamp, alikuwa na sheria moja juu ya jambo hilo: pini ikishachomwa haichomolewi.

Gus Lindauer, kocha msaidizi kwa mwaka wa ishirini na sita, alijua habari za kila pini. Kijana wa Latvia alikaa siku kumi na moja, akarudi na mafua. Wa Bolivia alifika akakuta klabu yenyewe haipo. Wa Australia alicheza kweli, misimu miwili, kwenye ligi ambayo mwamuzi wake alikuwa daktari wa meno wa mji na alichelewa kila akipata mgonjwa. Sasa wa Latvia anauza bima, wa Bolivia yuko kiwanda cha nyama, wa Australia anafundisha watoto wa darasa la tano, na wote ni watu wazima wenye kazi zao za heshima. Aibu ilikuwa ya ramani, iliyokataa kuwaacha warudi nyumbani.

Gus alimdharau Haverkamp kwa moyo wake wote. Alidharau meno yake, alidharau namna alivyowashika wazazi bega, alidharau sauti aliyoitoa kifuani kila alipotaja neno "familia". Mkuu wa chuo alitaka vichwa, kwa sababu kijana anayeamini kwamba atacheza hulipa karo bila kuuliza maswali, na Haverkamp alimletea vichwa ishirini kila mwaka. Timu ilikuwa na wachezaji arobaini na sita. Siku ya mchezo waliovaa jezi ni kumi na watano. Waliobaki waliitwa timu ya akiba, wakafanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi kwenye ukumbi wa zamani, ambako paa lilivuja upande wa goli la kushoto, na hakuna aliyewatazama ila Gus, kwa kuwa kuwafundisha hao ndiyo ilikuwa kazi yake. Kufikia mwaka wa pili nusu yao walikuwa wamekwisha kurudi makwao na sweta ya chuo. Hao hawakuchomewa pini popote.

Nao pia aliwadharau kidogo, kwa kuamini. Mtu pekee ambaye dharau ya Gus haikumfikia ni Gus. Alijihesabu kuwa shahidi, mtu anayeona kila kitu na kuweka moyoni. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya chuo, alibakiza miaka miwili astaafu, na shahidi naye anahitaji paa.

Jumatatu moja ya Aprili alikuja Tavion Meeks wa Kansas City pamoja na mama yake, Lorraine, dereva wa basi la shule, aliyekuwa ameendesha gari tangu alfajiri. Kijana alikuwa na barua mfukoni. Chama cha mafundi umeme cha mjini kwao kilimpa nafasi ya uanagenzi, miaka mitano ya kufundishwa huku akilipwa, na walitaka jibu kabla ya saa kumi na moja jioni siku ile ile. Mama alilisema hilo wazi tangu mlangoni, wala hakulisema kwa kutisha.

Gus alikuwa ameshatazama video za Tavion. Mikono mizuri, miguu mizito. Angevaa jezi mwaka wa nne, kama wengine wangeugua.

"Hawa wote wametoka hapa?" Tavion aliuliza mbele ya ramani. Alikuwa ameikaribia mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo cha picha. "Aislandi! Mama, njoo umwone huyu. Deshon Purnell. Aislandi."

"Naona," alisema Lorraine. Akamgeukia Gus. "Wanalipwa vizuri huko, kocha?"

"Inategemea nchi," Gus alijibu.

Walipita tena hapo wakirudi kutoka mabwenini, na kijana akasimama tena, na Gus akasimama pembeni yake kimya. Ndipo lilipomjia wazo, na lilimpendeza kwa sababu halikumtaka afungue mdomo. Kwa desturi chakula cha wageni kiliagizwa kwenye mgahawa wa Wameksiko wa barabara kuu. Siku ile Gus alipiga simu sheli, kule wanakooka piza nyuma ya friji za soda. "Nne," alisema. "Na mwambieni Deshon alete mwenyewe. Anapajua."

Chumba cha mikutano kilitazamana na ramani. Haverkamp alikuwa amekaa ukingoni mwa meza, akimvisha kijana kilemba cha ukoka.

"Bi. Meeks, mimi siwaleti vijana hapa kucheza mpira tu. Mimi natengeneza wanaume."

"Mwanamume nimeshamtengeneza, ndiye huyu. Mimi nauliza atacheza lini."

"Mara tu atakapokuwa tayari. Hapa sisi ni familia."

"Familia ya watu wangapi?"

Haverkamp alicheka, akaangalia saa. Mlango ukabishwa. Aliyeingia ilimbidi ainame, maana alikuwa na futi sita na inchi sita, maboksi manne mikononi, na kofia ya sheli iliyoshonwa jina lake mbele. Tavion alimtazama, kisha akatazama koridoni, kisha akamtazama tena.

"Wewe si yule wa Aislandi?"

"Deshon, mwanangu!" Haverkamp alikuwa tayari amesimama, mkono begani kwa Deshon. "Huyu yuko likizo, jamani. Ligi imefungwa. Anawasaidia tu jamaa hapo sheli, ndivyo tulivyowalea."

Debe tupu haliachi kuvuma. Deshon aliweka maboksi mezani, akayapanga vizuri. Halafu alimtazama Gus. Gus alikuwa anatenganisha karatasi za kufutia mikono, moja moja.

"Ni likizo ya mwaka wa nne sasa," alisema Deshon.

Hakuna aliyefungua boksi.

"Nilicheza michezo saba," aliendelea, akimwambia kijana. "Wa saba goti likaachia. Wakanipa magongo na tiketi. Sina neno nao, watu wazuri. Samaki asubuhi, samaki jioni."

"Lakini ulicheza," Tavion alisema. "Kwa mshahara."

"Kwa chumba na samaki."

"Na digrii?" aliuliza Lorraine.

"Ninayo, mama. Usimamizi wa michezo. Nasimamia oveni."

"Deshon ni mcheshi sana," Haverkamp alisema. Meno yalikuwa bado nje, lakini macho yalishaondoka. "Tangu mwaka wa kwanza. Basi, Deshon, tusikucheleweshe."

"Msiniulize mimi zaidi. Mimi nimeleta piza." Deshon alivua kofia akajikuna kichwa. "Mwulizeni Kocha Gus. Yeye alinipeleka uwanja wa ndege, yeye akanipokea na magongo. Na leo yeye ndiye aliyepiga simu akasema Deshon alete mwenyewe. Leo ni zamu yangu ya kuoka. Mimi huwa sipeleki."

Lorraine aligeuka kwenye kiti. Alikuwa na namna ya kumtazama mtu bila haraka, kama anayemtazama mtoto kwenye kioo cha juu ya usukani.

"Umempitisha mwanangu mbele ya ile ramani mara mbili."

"Ndiyo, mama."

"Nikakuuliza."

"Nilitaka mwone wenyewe," alisema Gus. "Mwenye macho haambiwi tazama."

"Mimi nabeba watoto hamsini na wawili kila asubuhi. Nikijua daraja limekatika sikai kimya nikangoja walione wenyewe. Haya, sasa nakuuliza mara ya pili. Mwanangu akija hapa, atacheza?"

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote aliyowahi kuulizwa katika miaka ishirini na sita. Jibu lake lilikuwa na silabi chache na alikuwa nalo ulimini. Tavion alimtazama kwa tumaini, masikini, akidhani huyu mzee mwenye filimbi shingoni atamtetea. Haverkamp alimtazama pia. Gus akaiona nyumba, na ngazi ya mbele aliyoipaka rangi mwenyewe kiangazi kilichopita, na miaka miwili.

"Inategemea bidii yake," alisema.

Deshon alicheka kwa pua. Lorraine hakucheka. Alichukua mkoba wake, akamwambia mwanawe achukue koti. Kijana alisita, macho kwenye mlango unaoingia uwanjani, ambako mtu alikuwa akidundisha mpira peke yake.

"Mimi hata saba ningefurahi," alimwambia Deshon kwa sauti ndogo.

"Najua. Hata mimi nilifurahi. Halafu?"

Tavion alivaa koti.

Gus aliwafuata mpaka maegesho na mfuko wa zawadi, maana kila mgeni hupewa sweta na kikombe. Upepo ulikuwa mkali. Kijana alikuwa ameegemea gari, simu sikioni, akitaja jina lake herufi kwa herufi kwa mtu wa chama cha mafundi umeme. Ilikuwa saa saba kasoro robo. Lorraine aliupokea mfuko, akatoa sweta, akairudisha mikononi mwa Gus ikiwa imekunjwa. Kikombe alikichukua.

Aliporudi ndani alimkuta Deshon mbele ya ramani. Alikuwa ameshaing'oa pini ya Aislandi, akiizungusha kati ya vidole vyake vikubwa vyenye unga kwenye kucha.

"Deshon, mimi nilikuwa nataka..."

"Najua ulichotaka. Ulitaka mimi niaibike ili wewe usiseme." Hakupaza sauti. "Yule wa meno namwelewa. Anauza, na muuzaji hakosi la kusema. Nilikuwa nadhani wewe ni mtu mwingine. Kila asubuhi ukitufungulia ule ukumbi, nilikuwa nasema, afadhali huyu."

Akamshika mkono Gus, akaufungua, akaiweka pini katikati ya kiganja.

"Kaa nayo. Mimi nilikwenda, nikarudi. Wewe hujatoka hapa hata siku moja." Kisha akatoa karatasi mfukoni. "Piza nne. Weka saini hapo."

Gus akaweka saini.

Kesho yake, kabla ya saa mbili, kulikuwa na pini mpya katika tundu lile lile. Haverkamp hakusema lolote juu ya Jumatatu. Alipita koridoni na kikombe cha kahawa, akagonga kioo cha picha ya Deshon kwa kucha, akaenda zake. Gus alikuwa na pini ya zamani kwenye mfuko wa shati. Wiki nzima aliendesha mazoezi ya akiba nayo, maji yakidondoka upande wa kushoto, na wiki nzima alifanya mazoezi yake mwenyewe ya kusema. Huyu anaoka piza hapo sheli. Huyu anauza bima. Timu ina watu arobaini na sita. Aliyasema garini, aliyasema akinyoa ndevu, na yalitoka vizuri.

Alhamisi ya wiki iliyofuata walikuja baba na mwana, akina Svoboda, wakulima wa mahindi kutoka upande wa magharibi. Kijana aliitwa Kolby, mrefu, mwenye masikio mekundu, na alikuwa akimwita kila mtu "bwana". Haverkamp alikuwa ofisini kwake ng'ambo ya jengo, mlango umefungwa, akiongea na mkuu wa chuo kwenye simu. Koridoni hapakuwa na mtu mwingine.

"Na huyu mrefu yuko wapi?" baba aliuliza, kidole kwenye picha ya Deshon.

Gus alifungua mdomo. Hakuna aliyekuwa akimsikiliza isipokuwa hawa wawili, hakuna aliyemtisha, na pini ilikuwa kifuani pake.

"Aislandi," alisema. "Anaendelea vizuri."

Mzee Svoboda alivua kofia ili aitazame picha vizuri, akampa mwanawe ishara asogee naye atazame. Gus aliwaacha watazame mpaka waridhike. Kisha akawapeleka uwanjani, na chakula cha mchana akaagiza kwa Wameksiko.