Mke wa Ruguru

Jumatatu, tarehe 26 Agosti 2019. Asubuhi ilikuwa ya mawingu mazito yasiyo na mvua, na upepo kutoka upande wa bwawa la Kiambere ulileta vumbi hadi ndani ya sufuria ya uji.

Wambeti alikuwa akimlisha Ruguru uji huo kwa kijiko karani wa sensa alipofika. Alikuwa kijana wa mjini, aliyeitwa Lennox. Nyuma yake alisimama Mutugi, mzee wa kijiji. Nyuma ya Mutugi, bila kualikwa, alisimama Runji.

Runji alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Ruguru. Alhamisi kamati ya ardhi ingesikiza madai yake: alitaka shamba lote, kwa kuwa Ruguru hakuzaa.

"Mkuu wa nyumba ni nani?" Lennox aliuliza, tableti mkononi.

"Ni mimi," Ruguru akasema, akikohoa.

"Na huyu mama?"

"Mke wangu."

Lennox alitabasamu. Kisha akaona anayetabasamu naye ni Runji peke yake.

Ruguru akamweleza polepole. Alifiwa bila mtoto, akamwoa Wambeti kwa mbuzi, kama wajane wa Mbeere walivyofanya tangu zamani, ili nyumba ya marehemu isizimike. Watoto watatu wa Wambeti walikuwa wa nyumba hiyo, na jina la marehemu walikuwa nalo.

Lennox alibonyeza. Maandishi mekundu yakatokea.

"Shosho, mashine inakataa. Mwanamke hawezi kuwa na mke. Niweke ndugu?"

"Si ndugu yangu."

"Weka mfanyakazi," Runji akasema. "Si anachota maji? Si analima?"

"Hata mke wako anachota maji, Runji," Wambeti akamjibu. "Yeye umemwandikisha nini?"

Wanawake wa jirani waliokuwa wakichungulia uani walicheka. Runji hakucheka.

"Mutugi," Ruguru akaita, "siku ya mbuzi zangu ulikuwa wapi?"

"Mama, hayo ni ya zamani."

"Ulikula mguu wa nyuma, ukaomba na supu."

Mutugi alitazama viatu vyake. "Mimi nimetumwa kuonyesha njia tu."

Lennox alitazama saa. Alikuwa amebakiwa na nyumba nyingi za kuhesabu. Akabonyeza.

"Nimeweka mfanyakazi. Na watoto watatu wa mfanyakazi. Ni takwimu tu, mama, na ni siri ya serikali."

"Siri?" Wambeti akauliza. Runji alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Lennox akaandika namba ya sensa mlangoni kwa chaki. Wambeti alifumba macho. Mungu wangu, wewe unanijua bila mashine. Akafumbua macho, akashika pindo la leso yake, akaifuta namba hadi mbao zikabaki tupu.

"Mama! Hilo ni kosa!"

"Basi liandike. Kosa mashine haikatai?"

Ruguru alishika mwimo wa mlango, akasimama. Alipaza sauti ifike uani.

"Nyote mmesikia. Alhamisi nitasimama mbele ya kamati, na mke wangu kando yangu. Nikifa kabla, nibebeni hivyo hivyo, mnilaze juu ya meza yao. Siondoki hapo mpaka wamwandike."