Kioo Kilichotufuta Mtoni

Rusmina na mimi tuligombana kwa sababu ya nguzo mbili. Ziko kwenye kona ya mto wetu, pale ambapo sisi wanawake hukutana asubuhi na mitumbwi yetu kuuziana maboga, machungwa, samaki na mboga. Nguzo hizo nilizikuta. Mama yangu alifunga mtumbwi wake hapo kabla yangu. Wenzangu huuza wakielea, maji yakiwasukuma huku na huku, wanashikana mitumbwi kwa mikono kama watu wanaocheza ngoma. Mimi mikono yangu inatetemeka siku hizi, kwa hiyo nafunga kamba mbele na nyuma, na mtumbwi unatulia kama kitanda.

Rusmina alitaka nguzo moja. Nikamwambia nikifungua kamba moja nitazungushwa na maji kama jani kavu.

"Bi Arbainah, wewe hufi wala huhami," aliniambia mbele ya watu. "Mtumbwi wako umelala hapo kama maiti iliyokosa wa kuizika."

"Zika basi," nikamjibu, "lakini sanda ununue wewe."

Wenzetu walicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo salamu ikakatika kati yetu, na kila alipopita karibu nami alipiga kasia kwa nguvu makusudi, maji yanirukie kwenye keki zangu za ndizi.

Mjukuu wangu Fahruraji, ambaye sisi tunamwita Raji, ni mpiga picha. Nilimlea mimi tangu anaota meno. Sasa ni mtu mzima, anaishi mjini Banjarmasin na mke wake, anapiga picha za harusi, na akipata nafasi anakuja kupiga picha za mto. Asubuhi moja ya kiangazi alikuja akasimamisha kamera yake juu ya stendi ya miguu mitatu kwenye gati la msikiti. Jua lilikuwa limeshapanda na soko limechangamka. Niliuza keki chache, kisha usingizi ukanichukua, maana unanichukua kila siku saa hizo. Nilipoamka soko lilikuwa linamalizika. Nilishangaa kidogo kwamba uso wangu haukuwa na joto. Nikadhani mawingu yalipita.

Miezi michache baadaye Haji Darmansyah, mwenye mahoteli, akaiomba ile kona ya mto ajenge mgahawa juu ya maji. Ofisi ya wilaya ikamwambia pale pana soko, na mahali pa soko hapajengwi. Haji akasema soko limekufa, wanawake wamehamia kwenye barabara ya lami. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumepungua. Lakini kupungua si kufa.

Ndipo akatundika picha kubwa kama mlango kwenye ukuta wa ukumbi wa kijiji. Chini yake iliandikwa kwamba imepigwa asubuhi, siku ya soko. Tulikwenda kuitazama. Mto ulikuwa mweupe kama maziwa, miti ya ng'ambo imesimama, gati la msikiti liko mahali pake. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mtumbwi hata mmoja, isipokuwa mmoja tu. Wangu. Na mimi nilikuwa ndani yake, kichwa kimeinama.

"Haya, mjukuu kapiga, bibi kakaa," alisema mama muuza machungwa. "Sisi tuko wapi?"

"Mimi siku hiyo nilikuwepo!" alisema mwingine. "Nilimwona Raji pale gatini kwa macho yangu!"

"Siku hiyo wapi," Rusmina akamkata. "Walichagua siku nyingine, siku ya Idi, watu wamelala. Wakamkalisha huyu kizee peke yake katikati kama chambo." Akanigeukia. "Haji kakupa nini, Bi Arbainah? Meno mapya?"

Mimi mwenyewe sikujua wenzangu wamekwenda wapi.

Kesho yake nilikuta mtumbwi wa Rusmina umefungwa kwenye nguzo yangu ya nyuma. Hakuna aliyenisogelea. Nilipomwita mtu, aligeuza mtumbwi. Mmoja akanisukuma kwa ncha ya kasia lake kama unavyosukuma gogo linaloelea. Binti mmoja tu, muuza samaki, alinunua keki moja, akaila akiwa amenipa mgongo ili wenzake wasione. Mimi nilimwona, na ninamkumbuka mpaka leo. Keki nyingine zote nilirudi nazo nyumbani.

Nikampigia Raji simu aje. Alipokuja sikumwandalia hata chai kwanza.

"Umewapeleka wapi watu wa mtoni?"

Alicheka, kisha akaona sichekeshwi. Akafungua begi lake, akatoa vioo viwili vya mviringo, vya kufungwa mbele ya lenzi ya kamera. Kimoja kilikuwa cheusi kama kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma.

"Hiki kinazuia mwanga, Bibi. Nikikifunga, kamera inaweza kukaa jicho wazi dakika kadhaa mchana kweupe bila picha kuungua. Sasa kinachopita hakipati muda wa kushika kwenye picha. Maji yanakuwa maziwa. Mitumbwi inayeyuka. Anabaki aliyetulia."

"Na mimi nilitulia."

"Wewe ulikuwa unakoroma. Ulifika mpaka gatini huo mkoromo."

Kioo cha pili alinishikisha jichoni, akaniambia nitazame mto dirishani huku nikiuzungusha ukingo wake taratibu. Nikazungusha. Ule mng'ao wa juu ya maji ukaondoka kama utando wa maziwa unavyotolewa kwa kijiko, nikaona mashina ya magugu chini, na majani ya kando yakawa ya kijani kibichi hasa. Nikazungusha tena, mng'ao ukarudi.

"Hiki kinaondoa mng'ao, rangi ya kitu inabaki yenyewe," alisema. "Siku ile nilivifunga vyote viwili. Picha nzuri sana ile, Bibi."

"Nzuri. Nenda basi ukawaeleze wazee na watu wa wilaya jinsi ilivyokuwa."

Akainamisha uso. "Siwezi. Nilimuuzia Haji picha ya kalenda. Sikujua ataipeleka huko."

"Sasa unajua."

"Sasa najua, na amenipa kazi ya mwaka mzima kwenye mahoteli yake, na mke wangu ana mimba. Unataka nile vioo?"

"Umemfanya bibi yako msaliti, Raji."

"Na wewe unataka kunifanya ombaomba!"

Akafunga begi kwa kishindo akaondoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anatoka nyumbani kwangu na tumbo tupu.

Siku ya kikao cha kuamua habari ya ile kona, ukumbi ulijaa. Bwana Syahruni wa ofisi ya wilaya alikaa mbele na karatasi zake. Haji alikuwa pembeni yake, na nyuma ya Haji alikaa Raji, shati limepigwa pasi, hanitazami.

"Mama zangu hawa nawaheshimu," alisema Haji kwa sauti ya asali. "Lakini mapenzi si ushahidi. Ushahidi ni huo ukutani. Soko liko wapi? Namwona bibi mmoja, na bibi mwenyewe amelala."

"Muulizeni huyo aliyelala!" Rusmina alipaza sauti kutoka nyuma. "Muulizeni kauza mto wetu kwa sahani ngapi za wali!"

"Mla keki za haramu!" mwingine akadakia.

Nikasimama. Sikuwa na hotuba. Nilitaka kuitazama tena hiyo picha iliyoniletea matusi, na kwa kuwa macho yangu ni dhaifu, nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Watu wakaanza kuguna. Nikajiona, mdomo wazi. Nikaiona kofia yangu ya majani iko magotini. Halafu nikaona kofia nyingine, pana, imeegemezwa kwenye nguzo juu ya kichwa changu, inanikinga jua. Haikuwa na mng'ao hata kidogo, kila ukindu wake ulihesabika. Na pembeni ilikuwa na kiraka cha buluu.

"Rusmina, njoo."

"Sina cha kuangalia huko."

"Njoo uangalie kofia yako."

Alikuja akisukuma watu kwa mabega, akatazama. Shingo yake ikabadilika rangi.

"Kofia za viraka ziko nyingi."

"Zenye kiraka cha sketi ya shule ya binti yako?" akauliza muuza machungwa, naye alikuwa amesogea. Watu wakacheka, maana kiraka hicho mto mzima unakijua.

"Kofia ni kofia," Haji akasema. "Tuendelee."

Bwana Syahruni akainua kalamu. "Mama, ulikuwepo siku hiyo au hukuwepo?"

Nimeona watu wengi wakiona haya kwa ubaya wao. Siku hiyo nilimwona mtu akiona haya kwa wema wake. Kama angekana, kona ya mto ingekwenda. Kama angekubali, watu wote wangejua alichonifanyia adui yake.

"Jua lilikuwa linampiga usoni," akasema hatimaye, kwa hasira. "Kinywa wazi, kama samaki kwenye mkeka. Ningemwacha aive? Hata mbuzi humwachi hivyo! Nikamkingia kofia, nikauza maboga yangu kichwa wazi, na nikaichukua kabla hajaamka, asije akajidai."

"Uliuzia wapi?"

"Ubavuni mwake!" Akapiga kofi kwenye picha, juu ya yale maji meupe. "Hapa! Mimi niko hapa!" Akapiga tena. "Mama machungwa yuko hapa! Wa samaki yuko hapa!"

"Mbona hamwonekani?" Haji akauliza.

Nikamtazama Raji. Wote wakamtazama. Akasimama.

"Kaa chini," Haji akamwambia bila kugeuka.

Raji hakukaa. Alitia mkono mfukoni akatoa kile kioo cheusi. Nami nikajua moyo wake, maana aliyeazimia kunyamaza hatembei na kioo mfukoni. Alimpa Bwana Syahruni, akamweleza kama alivyonieleza mimi. "Kofia ilitulia, ndiyo maana ipo," alimalizia. "Wao walikuwa kazini."

"Na wewe kazi yako kwangu imekwisha," Haji akasema.

"Najua, Haji."

Bwana Syahruni alikielekeza kioo dirishani, akachungulia, akakunja uso kwa giza lake. Akasema hatasaini kitu. Atakuja mtoni mwenyewe siku ya soko, na macho yake mawili.

Akaja. Asubuhi hiyo hata wanawake waliokuwa wamehamia barabarani walishusha mitumbwi, mpaka ungeweza kuvuka mto kwa miguu. Boti ya Bwana Syahruni ilikwama katikati yetu, na wauzaji wakamtukana dereva wake vizuri sana. Haji hakupewa kona. Raji amerudi kwenye harusi zake, na nikimpikia anakula.

Rusmina hakuitoa kamba yake kwenye nguzo yangu. Nilipofika siku hiyo ya Bwana Syahruni nilifunga mbele kwenye nguzo iliyobaki, na nyuma nikafunga kwenye mtumbwi wake. Aliitazama kamba.

"Usidhani tumepatana, kizee wewe."

"Sijadhani."

"Na usinikoromee sikioni. Nina wateja."

Jua lilipopanda niliinamisha kichwa, nikafumba macho. Sikulala. Nilisikia watu wakibishana bei ya maboga, kisha kasia likiwekwa chini taratibu. Kivuli kikanijia usoni.

"Mtu mzima, kinywa wazi," akanung'unika.

Sikufumbua macho, nisije nikamwaibisha.