Ushindi wa Mwalimu Nasimiyu

Kwa miaka tisa, tangu ashinde kombe lake la mwisho, hakuna aliyemwita Nasimiyu bingwa. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, akifundisha watoto tenisi mjini Bungoma. Alipojiandikisha kwa mashindano makubwa ya Kitale, waandalizi walicheka. "Mama, si ukae tu utazame?" Lakini alifika fainali.

Mpinzani wake alikuwa Fardosa, msichana ambaye Nasimiyu mwenyewe alimfundisha tangu utotoni. Asubuhi ya fainali Fardosa alimnong'oneza, "Mwalimu, goti limeanza kuniuma tena. Tafadhali usiambie mtu."

"Nitamwambia nani?" Nasimiyu alijibu, akamfunga bandeji kwa mikono yake.

Fardosa alishinda seti ya kwanza kwa urahisi. Katika ya pili, Nasimiyu akaanza kuangusha mipira mifupi karibu na wavu, mmoja baada ya mwingine, na msichana akalazimika kuikimbilia yote. Kila aliposimama ghafla, uso wake ulikunjamana kwa maumivu. Watazamaji walidhani ni ufundi wa mkongwe, wakashangilia. Nasimiyu akaichukua seti hiyo. Katika ya tatu goti liliachia, Fardosa akaanguka na kushindwa kuinuka.

Nasimiyu alivuka kwenda kumpa mkono.

"Mwalimu, nilikuambia wewe peke yako," Fardosa alisema akilia.

"Na nani alikufundisha kumwambia mpinzani mahali unapoumia?"

Alipokabidhiwa kombe, machela ilikuwa ikipita nyuma yake. Mpiga picha alimwomba atabasamu, lakini tayari alikuwa anacheka. Hakuwahi kufurahi hivyo maishani.