Julai Iliyosubiri Nivue Tai

Nililala mapema usiku wa jana, nikaota nimefika katika mji wa mapumziko kwenye pwani ya Mediterania, mwezi wa Julai, nimembeba mke wangu mgongoni.

Nilivaa koti zito, sweta, shati na tai. Yeye, Mama Lusungu, nilikuwa nimemfunga blanketi. Sisi ni watu wa Makete. Kwetu Julai ni mwezi wa sakitu, nyasi huamka nyeupe, na magoti yake yalikuwa yamegoma kunyooka tangu baridi ianze. Nilikwenda kumtafutia joto. Jiografia niliisoma katika madarasa ya jioni, nikiwa na watoto tayari, kwa hiyo nilijua pa kwenda. Nguo tu ndizo nilizovaa kwa mazoea.

Ufukweni mvua inanyesha. Viti vimebebeshwa viti, migahawa imefungwa, mawimbi yanapiga ukuta wa barabara. Mwavuli mkubwa umesimama peke yake, umejikunja.

"Shikamoo, mzee," unasema.

"Marahaba. Julai iko wapi?"

"Ipo. Lakini umekuja na koti. Hapa watu hawavai kufuata hali ya hewa. Hali ya hewa ndiyo hufuata mavazi. Koti ni Januari."

"Kitabu changu hakikusema hivyo."

"Kilikuwa na jalada gumu?"

"Gumu sana."

"Basi kiliona Januari tu."

Mgongoni meno yanagongana. "Baba Lusungu, vua hilo koti! Utaniua kwa heshima zako."

Navua. Mvua inakatika papo hapo. Vilima nyuma ya mji vinachanua maua ya milozi, vyote kwa pamoja, vyeupe mpaka kileleni.

"Februari," mwavuli unatangaza.

Navua sweta. Upepo wa moto unavuka bahari kutoka Sahara, mwekundu kwa vumbi, unaketi juu ya magari na vibaraza.

"Kumbe watu wa nyumbani!" upepo unasema, ukimpangusa mke wangu uso. "Poleni na baridi." Unapita, na Aprili inapita nao.

Navua viatu, nakunja suruali. Mei. Bahari inageuka rangi ambayo sikuwahi kufundishwa jina lake. Mama Lusungu anadondosha blanketi. Tunaitazama.

Lakini magoti bado yamejikunja.

"Imebaki tai," mwavuli unasema.

"Tai haivuliwi. Niliivaa siku niliyopokea cheti, kichwa kikiwa na mvi."

"Basi itabaki Mei. Ni mwezi mzuri. Magoti ya mama sijui."

Moyo wangu unagoma. Mkono wa Mama Lusungu unapita begani mwangu, unashika fundo.

"Cheti walikupa wewe, baba, si hii shingo," anasema, anacheka. Sijamsikia akicheka tangu sakitu ya kwanza.

Nikailegeza, nikaivua mwenyewe.

Julai inashuka bila kelele. Nuru inaingia baharini mpaka chini, naona mawe, naona samaki, naona na kivuli cha kila samaki. Nilitaka kusema neno la kisomi, nikalikosa.

Mama Lusungu anateremka mgongoni. Goti moja linanyooka, kisha la pili. Anaingia majini, anasimama maji yakiwa chini kidogo ya magoti.

"Utajaa?" naiuliza bahari kwa hofu.

"Kujaa na kupwa ni kazi ya wenzangu," bahari inajibu. "Mimi nilipomfikia ndipo ninapokaa. Mwache apate joto."

Nikamwacha. Nikaamka.

Nje nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Mama Lusungu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anaitazama miguu yake. Chini ya kila goti palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, umezunguka mguu mzima. Akalowesha kidole, akaugusa, akaonja.

"Chumvi," akasema.

Kisha akasimama, bila kunishika, akaenda kufungua mlango.